Simu imelala mezani, apu inasema imetembea mita 90

Juzi dogo mmoja wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kanikuta kwenye chai pale Majengo, akaweka simu mezani, "kaka hebu cheki, haijaguswa hata, apu yangu inasema imetembea mita 90 ndani ya dakika moja, na programu nishaikagua mara tatu sioni kosa."

Nikaisoma, na kweli haina kosa. Ni fizikia ileile ya sekondari, unajumlisha mchapuko (yaani kasi inavyobadilika) kwa muda unapata kasi, unajumlisha kasi unapata umbali. Tatizo ni namba zinazoingia. Akselerometa ya simu, kile kihisi kinachopima mchapuko, haijawahi kuwa safi kabisa, tuseme inapotoka kwa 0.05 m/s² tu, sekunde 10 kosa ni mita 2.5, unaona sawa, ila sekunde 60 ni mita 90, manake muda ukiwa mara mbili kosa linakuwa mara nne. Alikuwa anailainisha data akidhani itasaidia, lakini kulainisha kunapunguza mtetemo tu, kosa linaloegemea upande mmoja linabaki palepale.

Na hapo bado graviti, ambayo mi naona ndo mbaya zaidi. Simu iliyotulia haisomi sifuri, inasoma kama 9.8, kwa sababu inahisi meza inavyoishikilia isianguke. Hiyo 9.8 lazima uitoe, na uitoe upande sahihi, yaani ujue simu imelala vipi. Ukikosea digrii 1 tu (na meza za pale hakuna iliyonyooka) unabaki na kama 0.17 m/s² ya uongo kwa pembeni, dakika moja inakupeleka zaidi ya mita 300! Jairoskopu, kihisi kinachopima simu inavyozunguka, inasaidia kujua mlalo, ila nayo inapotoka taratibu.

Kwa hiyo nikamwambia kwa mtembea kwa miguu achana na kujumlisha mara mbili, hesabu hatua. Kila hatua inaleta kilima kwenye grafu, hesabu vilima zidisha na urefu wa hatua, ukikosea unakosea kwa hatua ulizopiga, sio kwa muda mara muda. Kwenye bodaboda hakuna hatua, hapo tumia GPS, inakosea mita kadhaa lakini kosa halirundikani.

Urefu wa hatua usiukisie, na ile miinuko ya chuoni kwao inaufupisha. Jumamosi tunapima mita 100 kwa tepu, moja tambarare moja ya kupanda, atembee ahesabu.