Pesa Haikuliwa na Vioo: Dhana Potofu Kuhusu Jengo Jipya la Serikali Katikati ya Mji

Kila jengo jipya la serikali linapoanza kupanda katikati ya mji naulizwa swali lile lile, na siku hizi haliji tena kama swali. Linakuja kama hukumu: "Wangejenga jengo la kawaida tu, nusu ya hizo pesa ingebaki." Nimelisikia kwa madiwani, kwa wenye maduka yanayopakana na eneo la ujenzi, kwa wateja wangu, hata kwa wahandisi ambao walipaswa kujua. Mimi ni msanifu majengo, na naelewa kwa nini jengo la umma huwachoma watu roho kuliko hoteli au benki. Ni kodi yao, na watalitazama kila siku wapende wasipende. Lakini hasira hiyo ikielekezwa pasipo, waliokosea kweli wanapita pembeni bila kuulizwa lolote.

"Sura ya kisasa ndiyo iliyokula pesa"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitaikalia.

Fungua mchanganuo wa gharama wa jengo lolote la ofisi lenye ghorofa nyingi. Uso wa jengo, yaani kuta za nje, vioo, madirisha na vizuia jua, mara nyingi hauzidi robo ya gharama yote. Jumlisha umeme, mabomba, viyoyozi, lifti na mifumo ya kuzima moto: mara nyingi vinaufikia au kuuzidi, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye picha iliyobandikwa uzioni. Kisha kuna msingi. Katikati ya mji ardhi imebanwa. Majengo jirani hayatakiwi kutikisika, chini kuna mabomba ya zamani yasiyolingana na ramani yoyote, na ukichimba vya kutosha unakutana na maji. Mkandarasi anaweza kumaliza miezi mingi chini ya usawa wa barabara akizuia kuta za shimo zisiporomoke, huku wapita njia wakiuliza mbona hakuna kinachoendelea. Zile pesa zimezikwa pale, na hakuna atakayeziona.

Kinacholipua bajeti ya jengo la serikali kwa kawaida ni mambo matatu: ukubwa unaoongezeka baada ya bei kutangazwa, ujenzi unaoanza kabla michoro haijakamilika, na mkataba unaomwachia mshitiri, yaani mwenye mradi anayelipa, mzigo wa kila nyongeza. Jengo la Bunge la Uskoti mjini Edinburgh lilibeba yote matatu. Waraka wa serikali wa 1997 ulitaja pauni milioni 10 hadi 40. Wakati huo kiwanja kilikuwa hakijachaguliwa na msanifu hajapatikana. Kutaja bei kwa hali hiyo ni kukata nguo kabla ya kumwona atakayeivaa. Kazi ilikuja kupewa msanifu Enric Miralles, na jengo lilifunguliwa 2004 likiwa limegharimu pauni milioni 414.

Watu walikamata nini? Madirisha. Yale maumbo yake yasiyo ya kawaida yakawa ndiyo ushahidi kwamba msanifu alikula pesa za umma. Uchunguzi rasmi wa mradi huo ulioongozwa na Lord Fraser, uliotoka mwaka ule ule wa 2004, ulisimulia mengine. Eneo la sakafu lilikuwa limekua sana kadiri mahitaji ya bunge yalivyozidi kujulikana. Masharti ya kuhimili mlipuko yaliongeza kazi na muda. Na aina ya mkataba iliyochaguliwa ilitoa kazi kwa mafungu, fungu hadi fungu, huku usanifu ukiendelea, kwa hiyo hapakuwa na bei moja ya kumfunga mkandarasi, na kila ucheleweshaji ulirudi kwa mlipakodi. Juu ya hayo, Miralles alifariki Julai 2000, na Donald Dewar, Waziri Kiongozi aliyeusukuma mradi, akafariki Oktoba mwaka huo huo. Jengo lilibaki bila watu wawili waliokuwa wamelibeba kichwani. Sikatai kwamba maumbo magumu yana gharama yake. Yana, na yanapunguza kasi ya kazi. Lakini hayawezi kukupeleka kutoka 40 hadi 414.

Anayebisha kwamba mtindo wa zamani ungeokoa pesa aende Westminster, London. Msanifu Charles Barry alikadiria miaka sita na pauni kama 725,000 kwa jengo la bunge la Uingereza, lile lenye minara na nakshi ambalo leo kila mtu analipenda. Ujenzi ulianza 1840, ukachukua takriban miaka thelathini na kupita pauni milioni mbili. Ukumbi wa jiji wa Philadelphia, nao umejaa sanamu na nguzo, ulijengwa kuanzia 1871 hadi 1901 na kumeza zaidi ya dola milioni 24. Hakuna ukuta wa vioo wa kulaumiwa hapo.

Na ubahili juu ya uso wa jengo una bili yake. Jengo la ofisi za manispaa ya Portland, Marekani, lililochorwa na msanifu Michael Graves, lilikamilika 1982 kwa kiasi cha dola milioni 25. Bei hiyo ilikuwa ndogo kwa ghorofa 15, na ndiyo iliyolipatia ushindi katika shindano la usanifu. Madirisha yalikuwa madogo, ndani kukawa giza, rangi na vigae vikapewa kazi ya kufanya ganda la bei rahisi lipendeze. Maji yakaanza kupenya mapema. Ukarabati uliomalizika 2020 uliligharimu jiji dola milioni 195, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kulivika jengo ganda jipya juu ya lile la zamani.

Kwa hiyo, ukisimama mkutanoni, acha kuuliza kwa nini wameweka vioo. Uliza eneo la sakafu limeongezeka kiasi gani tangu bei ya kwanza itangazwe. Uliza michoro ilikuwa imefikia wapi zabuni ilipofunguliwa. Uliza, mkataba ukisomwa, nyongeza ya kazi inalipwa na nani. Nimeona maswali hayo yakibadilisha rangi za nyuso za meza kuu kwa namna ambayo malalamiko juu ya sura hayajawahi kufanya.

"Wananchi wamelikataa, basi ni baya"

Wakati mwingine ni baya kweli. Lakini chuki ya miaka ya kwanza haitabiri mengi. Jengo la ofisi lililo kando ya Ikulu ya Marekani, lililokamilika 1888, lilidharauliwa kwa vizazi, na 1957 kamati ya rais ilipendekeza libomolewe. Leo linalindwa kama urithi wa taifa na limepewa jina la Eisenhower. Ukumbi wa jiji wa Boston, lile zege kubwa la 1968, ulichukiwa kiasi kwamba 2006 meya alitaka kuuza jengo na kuhama. Mwaka 2025 jiji hilo hilo likautangaza kuwa kumbukumbu ya kulindwa. KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Nairobi, iliyokamilika 1973 kwa kazi ya wasanifu Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, ni zege tupu la kisasa, na tangu 2019 imo kwenye kila noti mpya ya Kenya.

Kuna jambo moja hapa ambalo wenzangu wa fani hulipuuza, nami silikubali. Pale Boston, mtaa mzima wa Scollay Square ulibomolewa kupisha majengo ya serikali. Aliyepoteza duka au chumba chake hana ugomvi na zege. Ana dai, na dai hilo halifutwi na tuzo yoyote ya usanifu wala na umri wa jengo. Tunapolijibu kwa kusema "mtalizoea", tunawakosea adabu.

"Uwanja mtupu mbele ya jengo ni kupoteza ardhi"

Tarehe 19 Aprili 1995, lori lenye bomu lilisimamishwa mbele kabisa ya jengo la serikali kuu mjini Oklahoma City. Nguzo za mbele zilikatika, ghorofa zikaangukiana, watu 168 wakafa. Nguvu ya mlipuko hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo mita chache kati ya barabara na nguzo zinafanya kazi kuliko zege lolote utakalolizidisha ukutani. Baada ya hapo nafasi hiyo ikawa sharti kwa majengo mengi ya serikali. Lalamikia kutokuwepo kwa miti na viti: mabenchi ya zege na masanduku ya maua yaliyofungwa chini vizuri huzuia gari sawasawa na vile vichuma vya kutisha vinavyosimikwa kando ya barabara, na mtu anapata pa kukaa.

"Vioo ni joto tu"

Nusu yake ni kweli. Ukuta wa vioo unaotazama magharibi bila kivuli ni kosa, na aliyeuchora alistahili kuzuiwa. Lakini watu wale wale wanaolalamikia joto ndio wanaodai vizuia jua vitolewe kwa kuwa ni "mapambo". Jengo la serikali kuu mjini San Francisco, la 2007, lina shuka la chuma chenye matundu upande wa kusini-mashariki. Likaitwa kila jina baya. Shuka lile ndilo linalokinga jua, na pamoja na wembamba wa jengo ndilo lililowezesha sehemu kubwa ya mnara kupitisha upepo badala ya kutegemea viyoyozi. Baadhi ya waliofanya kazi humo walilalamika mwanga na joto, na wana haki. Mfumo wa namna hiyo unahitaji kurekebishwa na watu wanaokaa humo. Ila ukitoa kivuli ili kuokoa pesa, mhandisi ataongeza kiyoyozi, kisha jenereta ya kukibeba, kisha bili ya umeme kwa maisha yote ya jengo.

"Serikali iamue mtindo mmoja, yaishe"

Marekani imejaribu. Mwongozo wa 1962, ulioandikwa na Daniel Patrick Moynihan, ulisema mtindo rasmi uepukwe. Desemba 2020 ikatoka amri ya rais ya kupendelea mtindo wa kale, ule wa Ugiriki na Roma, kwa majengo ya serikali kuu. Februari 2021 ikafutwa. Agosti 2025 ikarudi kwa sura mpya. Jengo kubwa huchukua miaka kadhaa kutoka michoro hadi funguo. Mtindo ukibadilika kwa amri kila uchaguzi, mtachora upya mara mbili na kulipia zote.

"Zege huchafuka tu, ndivyo lilivyo"

Hapana. Tazama chini ya kizingiti cha dirisha. Panatakiwa kuwa na kijifereji chembamba upande wa chini, karibu na ukingo, ili tone la maji likifika hapo lidondoke. Kisipokuwepo, maji yanarudi ukutani na vumbi lote lililokuwa kwenye kizingiti, na baada ya misimu michache ya mvua kila dirisha lina machozi meusi. Kijifereji hicho hakiongezi gharama ya maana. Hukosekana kwa sababu hakuna aliyekagua mbao za kumwagia zege kabla ya siku ya kumwaga.

"Maoni yetu hayabadilishi kitu"

Yanabadilisha yakifika mapema. Toronto, Desemba 1955, wapiga kura walikataa mpango wa ukumbi wa jiji ambao tayari ulikuwa umechorwa. Jiji likaitisha shindano la kimataifa, likapata maingizo zaidi ya 500, na msanifu Viljo Revell wa Ufini akashinda 1958 kwa ile minara miwili iliyojipinda. Ilifunguliwa 1965. Kura ile ilikuwa na nguvu kwa sababu hata shimo la msingi lilikuwa halijachimbwa.

Nguzo zikishasimama, kudai sura nyingine ni kudai muda wa ziada, vibali vipya na fidia ya mkandarasi. Wakati wa kusema ni pale mshitiri anapoandika mahitaji: ofisi ngapi, wananchi wahudumiwe ghorofa ya chini au ya tano, ngazi ya umma ianzie wapi, uwanja uwe wa nani baada ya saa za kazi. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Picha za rangi zikitoka ndipo ukumbi unafurika.

Mkichelewa kabisa, bado kuna nafasi moja. Kwenye miradi mikubwa mkandarasi hujenga paneli ya mfano eneo la kazi: kipande cha ukuta wa nje chenye ukubwa halisi, dirisha likiwemo, ili kipimwe kabla ya kuagiza vingine. Ombeni kuiona. Acheni rangi, angalieni pembe, viungo na ile gundi ya kuziba kati ya kioo na fremu, kama imejaa sawasawa au ina matundu. Kisha ombeni imwagiwe maji kwa shinikizo mbele yenu, kwa muda wa kutosha, na mtu mmoja wenu asimame upande wa ndani apitishe mkono chini ya fremu yote.