Mzizi Si Mrija

"Bwana shamba, nimeongeza mbolea na mahindi hayajaongezeka kitu." Msimu huu nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, ndiyo maana naandika. Wa mwisho alikuwa mama mmoja hapa Njombe mwenye robo eka ya mahindi, nafasi ya sentimita 75 kwa 30, yaani mashina kama 4,500. Kila shina alilitilia visoda vitatu vya urea. Kisoda kilichojaa hubeba karibu gramu 5, kwa hiyo kishamba kile kilimeza kilo 67 hivi, zaidi ya mfuko mzima. Mahindi yamedumaa, kingo za majani zimegeuka zambarau, na mama alikuwa ameshapanga kuuza mbuzi anunue mfuko mwingine.

Nyuma ya visoda vile vitatu kuna imani kwamba mzizi ni mrija: kilichomo ardhini kinapanda juu, na kikiongezwa kinapanda zaidi. Sivyo hata kidogo. Maji na virutubisho vinaweza kupenya tabaka za nje za mzizi kwa kupita kandokando ya seli, lakini vikifika kwenye endodemisi, yaani tabaka la ndani linalozunguka mishipa ya mzizi, vinakuta njia imezibwa. Seli za tabaka hilo zimezungushiwa mkanda wa lignini, kitu kigumu kilichomo pia kwenye mbao, ule ambao Mjerumani Robert Caspary aliueleza mwaka 1865 na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Hapo hakuna uchochoro. Ili kirutubisho kifike kwenye mishipa ya mmea, lazima kipite ndani ya seli, na kwenye utando wa seli kuna protini za kusafirisha zinazochagua mzigo wa kubeba.

Milango hiyo mmea ndio unaoiongoza. Ukiwa na njaa ya nitrojeni, unatengeneza protini nyingi zaidi za kubeba nitrati, yaani nitrojeni katika umbo ambalo mzizi huichukua. Ukishiba, taarifa inashuka kutoka kwenye majani na protini hizo zinapunguzwa, hata kama nje kumejaa urea. Kisoda cha tatu kinakosa wa kukipokea. Nayo nitrati ina chaji hasi kama zilivyo chembe nyingi za udongo, haishikwi sana, kwa hiyo mvua ya Januari inaizamisha chini isikofikiwa na mizizi. Potasiamu ndiyo inayojulikana zaidi kwa kukiuka utaratibu huu, maana mmea huichukua kupita mahitaji yake, lakini hata hiyo ya ziada haikuongezei gunia.

Mahindi ya yule mama, kwa bahati mbaya, hayakuwa yameshiba. Yalikuwa na njaa ya fosforasi, na urea haina fosforasi. Nilichimba shina moja. Nasema kuchimba, si kung'oa, kwa sababu ukivuta unaacha vinyweleo vyote, vile vinyuzi vyembamba vya mzizi, ardhini. Mzizi mchanga wa mahindi yenye afya hutoka umevaa udongo kama soksi, vinyweleo vimeushikilia. Ule ulitoka mtupu: mizizi mifupi na minene, ncha za kahawia, matawi ya kuhesabika. Nikapima tindikali ya udongo, pH 4.7; namba ikishuka, tindikali imezidi. Chini ya 5.5 alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka kwa wingi, na ikigusa ncha ya mzizi, ncha inaacha kurefuka.

Sasa fikiria mzizi uliosimama mahali pamoja. Fosfeti, yaani fosforasi katika umbo ambalo mzizi huichukua, haiendi kuufuata, maana husogea polepole mno kwenye udongo. Mzizi humaliza ile iliyo milimita moja au mbili pembeni yake, kisha hauna budi kusonga mbele kutafuta nyingine. Usiposonga, unakufa njaa hata ukiwa umepandiwa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, na sehemu ya DAP yenyewe inakamatwa na alumini na chuma cha udongo. Alichohitaji mama yule ni chokaa ya kilimo ya kupunguza tindikali, kwa kiasi kinachotokana na kipimo, iliyotawanywa na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mbuzi abaki zizini. Na ninyi wengine, kabla ya kwenda dukani chukua jembe, chimba mashina matatu, tazama mizizi. Haigharimu shilingi.

Zipo na kauli nyingine ninazozisikia. "Mmea wa njano unadai mbolea." Unaweza kudai hewa. Kuingiza nitrati au fosfeti ndani ya seli ni kazi ya nguvu: mzizi husukuma nje kwanza protoni, chembe ndogo za hidrojeni zenye chaji chanya, na nguvu hiyo hutokana na kupumua. Maji yakituama siku kadhaa, oksijeni inaisha, pampu zinasimama, na mahindi yanakuwa njano huku chakula kikiwa pale pale. Chimba mifereji maji yatoke. Kurundika urea kwenye tope ni kutupa pesa.

"Ardhi imezoea mbolea, bila hiyo haitoi tena." Ardhi haizoei. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takriban kilo 15 za nitrojeni. Ukiuza mahindi, ukachoma na mabua, umebakiza nini? Ila hapa kuna ukweli nusu ambao siwezi kuuficha. Mzizi ukichukua amonium, nitrojeni inayotokana na urea na DAP, hutoa protoni, zile zile zinazoleta tindikali, na amonium ikigeuzwa nitrati na bakteria hutoa protoni pia, kwa hiyo miaka mingi ya urea na DAP bila chokaa huongeza tindikali. Hiyo ni njia mojawapo ya shamba kufika pH 4.7.

"Mizizi hupenda samadi kuliko ya dukani." Nitrati ya ng'ombe na ya kiwandani mzizi hauzitofautishi. Samadi ina kazi zake kubwa, kushika maji, kulegeza udongo na kulisha viumbe vyake, na mimi naisisitiza kila mahali, lakini iwe imeoza vizuri.

"Mbolea ya mti iwekwe shinani." Wenye miparachichi, nawaomba sana. Karibu na shina kuna mizizi minene ya kushikilia mti. Inayolisha iko chini ya kivuli cha matawi, juujuu kabisa, na mparachichi una vinyweleo vichache mno, kwa hiyo hutegemea vimizizi hivyo laini. Tawanya mbolea kwenye kivuli chote, uache sehemu inayozunguka shina. Jembe lisiingie hapo. Ng'oa magugu kwa mkono, kisha funika kwa matandazo.