Je, wajua kwa nini mawe ya Isimila huitwa zana na si mawe yaliyovunjika tu?

Mgeni anayeingia katika makumbusho madogo ya Isimila, yapata kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, ana haki ya kuuliza ni nani aliyethibitisha kwamba mashoka ya mkono, yaani mawe ya kukatia yanayoshikwa mkononi bila mpini, yaliyowekwa pale yalichongwa na watu.

Jibu la kwanza limo katika jiwe lenyewe. Jiwe gumu likigongwa ukingoni kwa jiwe lingine, kibanzi hubanduka na kuacha kovu lililobonyea, lenye kina zaidi karibu na pale pigo lilipotua. Kovu moja laweza kutokea kwa bahati, mawe yakigongana mtoni. Lakini tazama kwa karibu shoka moja la Isimila: upande wa kwanza una makovu mengi yaliyopandana, upande wa pili vivyo hivyo, na yote hukutana kwenye ukingo mkali unaozunguka hadi nchani. Mto haugeuzigeuzi jiwe ili kulisawazisha pande zote mbili. Hiyo ni kazi ya mchongaji anayejua anachokitaka.

Hoja ya pili, ambayo naiona nzito zaidi, ni mahali zana hizo zilipokutwa. Nyingi zimelala ndani ya mchanga na udongo laini uliotuama zamani, palipokuwa na maji yaliyotulia. Maji ya namna hiyo hayana nguvu ya kusukuma jiwe ambalo wewe mwenyewe ungelinyanyua kwa mikono miwili, kwa hiyo lazima kuna aliyelibeba. Katika tabaka hizo imepatikana pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, na vipimo vya urani (madini ya mionzi ambayo hubadilika polepole kwa kasi inayojulikana) vilivyofanywa kwenye mifupa vilionyesha umri wa takribani miaka 260,000.

Zana hizo zilitambuliwa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukaongozwa na mtafiti wa mambo ya kale F. Clark Howell mwaka 1957 na 1958. Mmomonyoko uleule uliochonga nguzo ndefu za udongo korongoni ndio uliozifichua, na kila masika huweza kufichua nyingine. Ndiyo maana jiwe likionekana chini huachwa pale pale: likishaokotwa makovu yake hubaki, lakini ushahidi wa tabaka lilimolala hupotea, wala hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuurudisha.