Pengo Dogo la Kura Si Sababu ya Kurudia Uchaguzi

Katika mikutano yetu ya elimu kwa wapiga kura, swali moja huulizwa karibu kila mahali: matokeo ya urais yakikaribiana na upande mmoja ukayakataa, kwa nini wananchi wasirudi vituoni wakaamua upya? Swali hilo ni halali, ila limebeba dhana kwamba pengo dogo ni dalili ya kasoro, na mwenendo wa kesi za Kenya hauiungi mkono dhana hiyo.

Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi akiwa mbele ya Raila Odinga kwa takriban kura milioni 1.4, na bado Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi huo tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili. Mwaka 2022 William Ruto alimshinda Odinga kwa kura zipatazo 233,000 tu, na majaji wote saba wakayathibitisha matokeo. Kilichotofautiana ni uwezekano wa kuyahakiki. Mwaka 2017 mshindi alitangazwa kabla tume ya uchaguzi haijapokea Fomu 34A zote, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kisha ikashindwa kutekeleza ipasavyo amri ya kufungua seva zake zikaguliwe. Mwaka 2022 fomu za vituo ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, na yeyote mwenye subira angeweza kuzijumlisha mwenyewe.

Marudio, basi, yasichanganywe na duru ya pili. Duru ya pili hufanyika kwa sababu hakuna aliyevuka nusu ya kura, ingawa hesabu inakubalika. Marudio hufanyika kwa sababu hesabu yenyewe, au njia iliyoifikia, haiaminiki tena.

Pengo dogo hupata uzito pale tu kura zenye dosari zinapolizidi. Nchini Austria, mwaka 2016, wagombea walitofautiana kwa kura 30,863, ilhali kura za posta zilizoshughulikiwa kinyume cha utaratibu zilizidi 77,000. Mahakama ya Katiba haikuona ushahidi wa wizi, lakini iliagiza marudio, kwa kuwa kura hizo zingetosha kubadili mshindi.

Pale ambapo dosari haifikii kiwango hicho, kuhesabu upya au kukagua fomu ni tiba nafuu, kwa maana uchaguzi unaorudiwa si uchaguzi ule ule. Odinga alijiondoa kabla ya marudio ya tarehe 26 Oktoba 2017. Waliojitokeza wakashuka kutoka karibu asilimia 80 hadi chini ya 40, na katika sehemu kubwa ya kaunti nne za Nyanza upigaji kura haukufanyika.

Malawi, ambako mahakama ilibatilisha uchaguzi wa urais wa 2019, ilifanya vizuri zaidi katika marudio yake ya mwaka 2020, na kwa maoni yangu muda ulichangia sana. Katiba ya Kenya inatoa siku 60 za kufanya marudio, ambazo ni chache mno kuirekebisha tume iliyokwisha kulaumiwa na mahakama. Mahakama ya Malawi ilitoa siku 150 na kulitaka Bunge lipime uwezo wa makamishna. Wamalawi walipopiga kura tarehe 23 Juni, tume ilikuwa na mwenyekiti mpya, na wagombea wakuu wote wawili walikuwa bado ulingoni.