Kadi 15 na vizibo viwili: kufundisha njia za kutafuta kwenye orodha

Kabla ya kuwasha kompyuta, kata kadi 15 za karatasi ngumu na uandike namba moja kwenye kila kadi: 4, 7, 11, 15, 18, 22, 26, 31, 35, 40, 44, 52, 57, 63, 70. Zilaze mezani kifudifudi kwa mstari, na mbele ya kila kadi andika nafasi yake kwa chaki, kuanzia 0 hadi 14. Sharti ni moja na halivunjwi: unafunua kadi moja, unaisoma, unairudisha kifudifudi. Mwanafunzi akiachwa aone kadi zote kwa pamoja, jicho lake litarukia 44 anayoitafuta papo hapo, na hataona algoriti, yaani hatua za kufuata kwa mpangilio, inahitajika kwa nini. Kompyuta haina jicho la namna hiyo. Husoma nafasi moja, ikalinganisha, ndipo ikaamua.

Mara ya kwanza zichanganye, kisha waambie watafute 45 kwa kufunua kadi moja-moja kuanzia nafasi 0. Namba 45 haimo, lakini hakuna atakayethubutu kusema haimo mpaka kadi zote 15 zimefunuliwa. Hiyo ndiyo gharama ya njia hii: orodha ya vitu 1,000 inaweza kudai ulinganisho 1,000. Faida yake ni kwamba haijali mpangilio. Kwenye kadi hakuna anayekosea. Kosa hujitokeza kwenye programu, pale jibu la "haimo" linapoandikwa ndani ya kitanzi (sehemu ya programu inayorudiwa-rudiwa) badala ya baada yake: programu inasoma kadi ya kwanza, inakuta si yenyewe, inatangaza haimo na kuacha. Ukiona programu ya mwanafunzi inapata kitu cha kwanza tu, tazama hapo.

Sasa zipange kadi kutoka ndogo hadi kubwa, na ulete vizibo viwili vya soda vyenye rangi tofauti. Kimoja ni "chini", kiweke nafasi 0. Kingine ni "juu", kiweke nafasi 14. Tunatafuta 44. Kati ya 0 na 14 ni 7. Funua, ni 31. Ni ndogo, kwa hiyo kadi zote kuanzia 0 hadi 7 hazituhusu tena: "chini" kinahamia 8. Kati ya 8 na 14 ni 11. Funua, ni 52. Imezidi, "juu" kinarudi 10. Kati ya 8 na 10 ni 9, ni 40, "chini" kinahamia 10. Vizibo vyote viwili sasa viko nafasi moja, 10. Funua: 44. Kadi nne tu.

Rudia kwa 45. Hatua ni zilezile, ila kwenye nafasi 10 tunakuta 44, ambayo ni ndogo, hivyo "chini" kinakwenda 11 wakati "juu" kiko 10. Vizibo vimepishana. Kupishana huko ndiko ushahidi kwamba 45 haimo, na ningependa kila mwanafunzi akuone kwa vizibo kabla hajakuandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu (len(kadi) ni idadi ya kadi, lengo ni namba inayotafutwa, na jibu likibaki -1 maana yake haimo):

chini = 0
juu = len(kadi) - 1
jibu = -1
while chini <= juu:
    kati = (chini + juu) // 2
    if kadi[kati] == lengo:
        jibu = kati
        break
    elif kadi[kati] < lengo:
        chini = kati + 1
    else:
        juu = kati - 1

Ugumu wote wa somo hili uko kwenye alama ndogo ndogo za programu hii. Andika / badala ya //, ambayo hugawa na kuacha sehemu ya desimali, na Python itakupa 7.0, ambayo si nafasi ya kadi, kisha itagoma. Andika < badala ya <=, na 44 "itapotea": vizibo vikikutana nafasi 10, kitanzi kinaacha bila kufunua kadi hiyo ya mwisho.

Kosa baya zaidi ni kuandika chini = kati bila kuongeza 1, kwa sababu hujificha. Jaribu kutafuta 44: nafasi 7, halafu 10, imepatikana, tena kwa hatua mbili! Mwanafunzi anafurahi na kufunga daftari. Jaribu 45: 7, kisha 10, kisha 12, "juu" kinarudi 11, kati ya 10 na 11 ni 10, "chini" kinabaki 10, na tena 10, na tena 10. Programu haitoki humo.

Mipaka hii imewasumbua hata wataalamu. John Mauchly aliitaja njia hii ya kugawa nusu kwa nusu mwaka 1946, lakini algoriti iliyochapishwa ikifanya kazi kwa orodha ya urefu wowote ilikuja mwaka 1960, kutoka kwa Derrick Lehmer. Na mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba ile iliyomo kwenye maktaba (programu zilizokwisha kuandikwa) ya Java, lugha nyingine ya kuandikia programu, ilikuwa na kasoro: orodha ikiwa kubwa mno, chini + juu huzidi 2,147,483,647 na kugeuka namba hasi. Tiba yake ni chini + (juu - chini) / 2. Namba kamili za Python hazina kikomo hicho.

Mpangilio nao una mitego. Namba zikihifadhiwa kama maandishi, "100" hutangulia "20". Majina yakichanganya herufi kubwa na ndogo, "Zuhura" hutangulia "asha", kwa kuwa msimbo wa Z, yaani namba ambayo kompyuta huitambua nayo, ni 90 na wa a ni 97. Kamusi ya Kiswahili inaonyesha jambo hili vizuri. Mwambie mwanafunzi atafute "walipikiwa". Akigawa kurasa nusu kwa nusu kuelekea W hatafika, maana kamusi imepangwa kwa mashina na neno hilo liko chini ya "pika". Unachotafuta lazima kiwe katika umbo lile lile lililotumika kupanga.

Kwa rejesta ya darasa la watu 45, hatua sita zinatosha. Kwa majina 1,000, hatua 10. Kwa majina milioni, 20. Hata hivyo, orodha ikiwa haijapangwa na unatafuta mara moja tu, tafuta moja-moja, kwani kuipanga kutakugharimu zaidi.

Usisahihishe programu kwa jaribio moja. Mimi nadai saba: 4, 70, 45, 1, 99, orodha yenye kadi moja, na orodha tupu. Hiyo ya mwisho huanza na "chini" 0 na "juu" -1, vizibo vikiwa vimeshapishana, na jibu linabaki -1 bila kadi yoyote kufunuliwa.