Presha na Kukakamaa kwa Ateri: Maana ya Zile Nambari Mbili

Mamangu alirudi nyumbani kwetu mtaa wa Langoni na kikaratasi kilichoandikwa 168/72. Jirani aliyekuja kumjulia hali akakitazama, akasema, "Bimkubwa, juu imepanda lakini chini iko sawa. Hii si presha ya kutisha." Aliyasema kwa mapenzi, lakini hakupatia.

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu huzisukumia kuta za ateri, ile mishipa inayotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini. Nambari ya juu hupimwa moyo unapobana na kusukuma, ya chini unapolegea ili ujae tena. Mtu mzima akifika 140 juu au 90 chini, kwa vipimo vya siku mbili tofauti, basi ana presha. Neno la kushika hapo ni "au". Moja ikipanda yatosha.

Kwa nini basi ya mama ipande juu tu? Ateri ya kijana huvutika. Moyo ukisukuma, ateri kubwa hutanuka na kulipokea lile wimbi la damu, kisha hurudi taratibu, na katika kurudi huko huendelea kuisukuma damu wakati moyo umelegea. Chukua mpira wa maji: ukiwa mpya unafinyika, ukiachwa darini juani miezi mingi unakauka na kuwa mgumu. Ateri nazo, kwa umri, kwa kisukari, kwa sigara, na kwa presha yenyewe iliyokaa miaka, hukakamaa. Ukuta usipotanuka, pigo la moyo huugonga kwa nguvu yake yote na nambari ya juu hupaa. Na kwa kuwa hakuna tena kule kurudi taratibu, ya chini hushuka. Kwa hiyo 72 ile haikuwa ya kutufariji. Pengo la 96 kati ya nambari mbili, kwa mtu wa umri wake, ndilo lililokuwa likituambia hali ya mishipa. Na mishipa ikikakamaa, presha huzidi. Presha ikizidi, mishipa hukakamaa zaidi.

Mrundo wa mafuta ndani ya ateri ni jambo jingine, ingawa huenda pamoja na hili. Presha huuumiza utando laini wa ndani ya ateri, kolestero, yale mafuta ya kwenye damu, ikapenya na kujikusanya ukutani, njia ikawa nyembamba. Mrundo ule ukipasuka, damu huganda papo hapo na kuziba. Ikitokea kwenye ateri za moyo, ni shambulio la moyo. Kwenye ubongo, ni kiharusi. Huku kwetu mtu akipooza upande mmoja bado wapo wanaosema kapigwa na upepo mbaya, na saa ambazo zingemwokoa zikapita nyumbani. Hili linaniuma sana.

Hata neno lenyewe hutupoteza. "Usinipandishe presha," tunasema tukiwa na hasira, mtu akaamini presha huja na kuondoka, akawa anameza kidonge siku kichwa kinapomuuma tu. Presha kwa kawaida haiumi. Mama alikuwa akipanda ngazi hadi darini kila siku, hana hata kizunguzungu.

Kipimo nacho kina adabu yake: kaa kimya dakika tano, egemeza mgongo, miguu chini, mkono ulingane na moyo, usizungumze.

Daktari alimwandikia dawa ya kila siku, kisha akamuuliza anakula nini. Ng'onda, wale samaki wa chumvi waliokaushwa, na achari ya ndimu! Chumvi inayoshauriwa kwa siku ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, tena hiyo ni pamoja na iliyomo tayari ndani ya chakula. Ng'onda hajaiacha, ila sasa huiroweka na kumwaga maji mara mbili, na kwenye sufuria ya mchuzi hatii tena chumvi. Nambari zake huziandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Ya jana ilikuwa 144/70, na kidonge cha leo ameshameza.