Kadi ya Ukaazi wa Kudumu ya Kanada: Maana Yake na Mahali Inapokwama

Kadi ya ukaazi wa kudumu, ambayo Waswahili wengi walioko Kanada huiita kwa kifupi kadi ya PR (kutoka Kiingereza, permanent resident), ni kitambulisho kinachothibitisha kwamba mwenye nacho ameruhusiwa kuishi, kufanya kazi na kusoma nchini humo bila kikomo cha muda, ingawa si raia. Neno la kushika hapo ni kuthibitisha. Kadi haimpi mtu ukaazi. Ukaazi huanza siku anapopokelewa rasmi na uhamiaji na kukamilishiwa hati yake ya uthibitisho wa ukaazi, nayo kadi hufuata baadaye kwa posta. Ndiyo maana mgeni anaweza kuomba namba ya bima ya jamii na kuanza kazi kwa hati ile pekee, kadi ikiwa bado haijafika.

Kadi ya kwanza haitozwi ada. Mhamiaji mpya anatakiwa tu kuipatia idara ya uhamiaji picha yake na anwani yake ya Kanada ndani ya siku 180 tangu alipopata ukaazi. Muda huo ukipita, hana budi kufungua ombi na kulipa dola 50 za Kanada, pamoja na kuanza upya safari ya kusubiri.

Kinachowatesa wengi ni anwani. Familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako mtu hupatikana kwa kuulizia kanda na kijiji, huenda ikakaa wiki za mwanzo hotelini au katika nyumba ya mapokezi, ikahamia kwa jamaa, kisha ikapata nyumba yake yenyewe. Kadi nayo hutumwa kule kulikoandikwa, si pale mtu alipo. Katika majengo ya ghorofa visanduku vya barua hupangwa ukutani, kila kimoja na namba yake, kwa hiyo anayeandika namba ya jengo na mtaa akasahau namba ya nyumba yake anampa mpeleka barua kitendawili. Kila anayehama kabla ya kupata kadi anapaswa kuijulisha idara anwani mpya mara moja. Naomba jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo, kwa maana barua ikishapotea, kuifuatilia ni kazi ngumu kwa mtu ambaye bado anajifunza lugha ya ofisi.

Majina nayo yana shida yake. Mkongo mwenye majina matatu, au Mtanzania anayetumia jina lake, la baba na la babu, hukuta fomu inataka jina la ukoo na majina mengine, na jamaa wa nyumba moja wakajikuta na majina ya ukoo tofauti. Hati ya uthibitisho isomwe herufi kwa herufi mara tu inapopatikana, kwa sababu kosa lililomo humo ndilo litakalohamia kwenye kadi.

Mahali ambapo kukosa kadi kunauma kweli ni safarini. Mkaazi wa kudumu anayerudi Kanada kwa ndege, treni, basi au meli ya abiria hutakiwa kuonyesha kadi halali kabla ya kupanda. Akipata habari za msiba Mombasa au Bukavu na kuondoka kabla kadi haijafika, ukaazi wake haufutiki kwa kuondoka tu, lakini shirika la ndege linaweza kumkatalia, na italazimu aombe hati maalumu ya safari akiwa huko huko nje. Kadi yenyewe haitumwi nje ya Kanada.

Kadi nyingi hudumu miaka 5, na kwisha kwa muda wake si kwisha kwa ukaazi. Sharti la ukaazi ni jingine: kwa kawaida mtu awe amekaa Kanada angalau siku 730 katika kila kipindi cha miaka 5. Fomu ya kuomba kadi nyingine huuliza safari za nje za miaka hiyo mitano, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, na aliyeziandika kwenye daftari tangu safari ya kwanza huijaza kwa jioni moja.